Mate ya Nyumba ya Ketelaar

Jumatano, 3 Oktoba

Ndege imekuja! Wiki iliyopita haikuja kabisa, kwa hiyo leo nusu ya mji wetu wa Wonreli ilikuwa uwanjani. Na mimi pia – tumbo mbele, miguu imevimba kama mihogo. Melki, mume wangu, alinikataza. Nikaenda.

Wakashuka watu wa serikali, zikashuka katoni za tambi, halafu akashuka mzungu mzee, mrefu, ameshika karatasi kifuani: KETELAAR. Jina letu! Uwanja mzima ukanigeukia. Kwani nani mwingine? Hapa kisiwani Kisar tumebaki na jina hili watatu: Baba, Shangazi Mientje na mimi. Na mimi nimeolewa na Maulewa, kwa hiyo labda ni wawili na nusu.

Nikamwendea nikamwambia ni sisi. Akatazama nywele zangu, akatazama ngozi, akatazama tumbo. Akadhani nimekosea. Akasema, kwa Kiindonesia cha kitabuni – kila neno limepigwa pasi – kwamba anamtafuta Bwana Lodewik Ketelaar. Nikasema Bwana Lodewik ni baba yangu, na sasa hivi yuko nyumbani anachuna mbuzi. Machozi yakamtoka pale pale. Mtu mzima! Nikambebea begi. Melki akaninyang'anya begi.

Anaitwa Joost Ketelaar, katoka Uholanzi. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi. Sasa amestaafu, anapima jina. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Atakaa kwetu – yaani kwa Baba, ambako mimi na mume wangu tumehamia tangu mimba ilipokua – mpaka ndege ya Jumanne. Baba alimkumbatia na damu ya mbuzi mikononi. Shati lile jeupe basi tena.


Alhamisi, 4 Oktoba

Ametundika ramani ukutani, katikati ya Yesu na kalenda ya kanisa. Dunia nzima, na kila Ketelaar anayemjua ni kidoa chekundu. Uholanzi imejaa vidoa kama mtoto mwenye surua. Viko Amerika, viko Afrika Kusini, viko Suriname. Huku kwetu – bahari tupu. Alituona kwenye picha za harusi ya binamu mmoja wa Ambon, mtandaoni, tangu hapo hakulala vizuri.

Akamwomba Baba ruhusa, akatia vidoa vitatu juu ya Kisar. Baba akavitazama muda mrefu.

"Vitatu tu?"

"Ndio nyinyi mliopo, Bwana Lodewik."

"Mwachie na huyu nafasi," Baba akasema, akanyoosha kidole kwenye tumbo langu. Melki akakohoa, akatoka kwenda kuangalia kuku. Hatuna kuku.

Basi niliandike, maana jambo lenyewe ndilo linaloninyima usingizi kuliko miguu. Mwaka juzi, Mama Okto, mama mkwe wangu (Okto ni jina lake mwenyewe), alipokuja kuniposa kwa ajili ya mwanawe, Baba aliweka sahani ya tambuu, yale majani ya kutafuna yanayotoa mate mekundu, akaomba: mtoto wa kwanza aitwe Ketelaar. Hakuna wa kiume nyumbani mwetu. Akifa Baba, jina nalo linaingia kaburini. Kuomba hivyo si aibu, ni desturi. Anayekubali hutafuna tambuu na kutema kizingitini mwa aliyeomba. Mate yakitua, neno limetua.

Mama Okto alitafuna. Tukasubiri. Akatafuna! Akatafuna mpaka sala ya mwisho, akatafuna akituaga, akaenda zake na shavu limejaa. Mpaka leo hakuna ajuaye alitemea wapi. Ukimuuliza anasema alimeza. Nani anameza tambuu?

Na siku ya ubatizo ni mama wa mume anayembeba mtoto mbele ya mchungaji na kutaja jina lote, la mtoto na la ukoo. Kwa hiyo jambo lote limo kinywani mwa Mama Okto. Kinywa kile kile.

Mimi nataka Ketelaar. Nimeshaandika. Hakuna atakayesoma.


Alhamisi, jioni

Nimesahau kichekesho! Joost aliniona nafuma kitambaa cha kumbebea mtoto. Katikati pamekwisha, bado taraza, nakshi ya pindo la chini. Kila nyumba hapa ina taraza yake: akina Maulewa wana kasa, sisi tuna taji. Taji la mfalme wa Uholanzi, ndivyo Baba anavyomweleza kila mgeni. Joost akachukua kitambaa cha zamani cha Shangazi, akakigeuza juu chini, akauma midomo.

Akasema kwao Ketelaar maana yake ni fundi wa masufuria na mabirika. Na kile kitu, kikisimama vizuri, ni birika. Tazama mpini. Tazama na mdomo wake.

Shangazi Mientje alicheka mpaka akashika ukuta. Baba akasema taji ni taji, mzungu macho yake yamechoka na safari.


Ijumaa, 5 Oktoba

Makaburini. Shangazi akaweka tambuu na popoo kwenye kila jiwe, kisha akaanza kuwaita wafu kwa majina, kama anavyofanya kila mtu anapozikwa. Joost alikuwa anarekodi kwa simu, amepiga magoti, uso unang'aa.

Shangazi haringi lakini hakosei. Askari wa Kampuni ya biashara ya Waholanzi, Ketelaar wa kwanza, akamzaa Wilhelmina. Wilhelmina akaolewa bondeni. Tambuu ikaombwa, mtoto akarudi akawa Ketelaar. Huyo hakuzaa, akampa jina mtoto aliyeletwa na meli iliyovunjika. Wa meli akazaa binti. Tambuu ikaombwa. Akaja Barend. Barend akazaa wasichana watupu, "kama Lodewik huyu," tambuu ikaombwa tena...

Joost akazima simu. Polepole akauliza: yaani kwa damu, hakuna mstari?

"Mstari si ndio huo nimeusema?" Shangazi akashangaa.

"Wa damu, Mama. Kutoka kwa yule askari."

Baba akacheka. "Damu hata mbuzi anayo, Joost. Jina ndilo la kuombwa."

Joost akacheka pia, lakini kwa adabu. Chakula cha jioni hakukigusa, na mbuzi alikuwa mtamu. Nilimhurumia kweli. Kavuka nusu ya dunia kutafuta ndugu, kaonyeshwa mtoto wa meli iliyovunjika. Baba ana macho ya kijivu, ndiyo. Lakini paka wa jirani naye anayo.


Jumamosi, 6 Oktoba

Leo! Leo! Sijui nianzie wapi, mbavu zinaniuma na mtoto anapiga teke.

Asubuhi Joost alitoa kichupa cha plastiki. Ndani ya kichupa Baba ateme mate, kitaenda maabara kwao, wataona kama wana damu moja hata tone. Cha kwake mwenyewe alishatema kabla hajaondoka. Masharti: nusu saa Baba asile, asinywe, asivute, asitafune. Baba akasema sawa, hakuna shida. Baba! Tangu aote ndevu hajamaliza nusu saa bila tambuu, labda usingizini, na hata huko sina hakika. Joost akaacha kichupa mezani akaenda kupiga picha ngome ya zamani.

Baba akatema. Nyekundu kama kidoa cha ramani. Na ilikuwa kidogo. Kichupa kina mstari, mate hayakufika.

"Kinywa kimekauka kwa wasiwasi," Baba akalalamika.

Shangazi Mientje akakichukua kichupa, akakitazama kwenye mwanga. "Kwani huyu mgeni anataka nini? Mate ya Ketelaar. Ketelaar ni wewe peke yako? Ketelaar ni nyumba." Akatema na yeye. Akanipa mimi. Nikatema – sijui kwa nini, ilionekana ni jambo la haki. Melki akasema yeye ni Maulewa. Shangazi akamuuliza wali wa nani unaomjaza tumbo kila siku. Melki akatema.

Wakati huo huo anaingia Mama Okto na bakuli la uji wa mahindi. Amekuja kunilisha, na nilijua amekuja pia kusema lile jambo lake, maana alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri cha kasa. Akasimama palepale kizingitini.

"Mnafanya nini? Mbona mnatemea mate chupa kama wachawi?"

"Ni dawa ya kizungu ya kujua nani ni nani," Shangazi akajibu. "Imebaki nafasi ya mmoja. Lakini wewe haikuhusu, Okto. Wewe ni Maulewa."

"Hainihusu? Mjukuu wangu yumo humo tumboni, halafu hainihusu? Nani atamtemea yeye? Hana hata meno! Lete hapa."

Akachukua kichupa. Na kwa kuwa alikuwa anatafuna – kisiwa hiki nani hatafuni? – akamtemea mtoto. Kwa sauti. Mpaka kwenye mstari, na tone moja likamwagika chini, miguuni pake.

Shangazi akafunga kifuniko taratibu. Nilimwona anakitazama kile kizingiti, halafu anamtazama Baba, na Baba akainama kufunga kamba za kiatu. Baba alikuwa peku.

Joost aliporudi akakuta kichupa kimejaa, chekundu, kimewekwa kwenye sahani juu ya kitambaa safi. Baba akamwambia: tumekujazia, nyumba nzima. Joost akakaa juu ya gunia la mahindi. Nikadhani atalia. Akacheka mpaka miwani ikadondoka. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kupewa kipimo kama hiki. Usiku huu amekula sahani mbili.


Jumapili, 7 Oktoba

Vita. Baada ya ibada Shangazi alimkaribisha Mama Okto kahawa. Sahani ya tambuu katikati ya meza. Mama Okto si mjinga, alipoiona tu akakunja uso.

"Okto, dada yangu," Baba akaanza kwa sauti ya asali, "nashukuru. Lile ombi langu la mwaka juzi umelijibu jana."

"Nimelijibu lini?"

"Mate yametua. Kizingitini kwangu. Shahidi ni hawa."

"Nilimtemea mtoto!"

"Ndiyo," akasema Shangazi. "Mtoto. Ndani ya chupa ya Ketelaar. Wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, na ukasema mjukuu wangu yumo humo. Sisi tungeongeza nini?"

"Mmenitega kama panya!"

"Nani alikushika kidevu?"

"Lodewik Ketelaar, Mfalme wa Birika!" Mama Okto akasimama, kitambaa kikashika kiti, kiti kikaanguka. "Taji lako likawekwe jikoni, lichemshe maji! Mjukuu wangu ni Maulewa!" Akaondoka. Mwavuli kauacha.

Nani alimwambia habari za birika? Melki. Nikamtazama, akasema yeye hapendi kuingia kati. Hapendi kuingia kati, lakini kila neno linapita kati yake!

Baba alikuwa anacheka bado. Mimi nilicheka pia, kisha sikucheka. Mama Okto ndiye aliyenipaka mafuta mgongo mwezi wote huu. Sipendi aondoke hivyo.


Jumatatu, 8 Oktoba

Nilimrudishia mwavuli. Alikuwa barazani anasokota uzi. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikakaa.

Akasema, bila kunitazama, kwamba amezaa wanne. Watatu walipanda meli: Ambon, Sorong, Bitung. Amebaki na Melki. Nikasema, Mama, jina la Maulewa basi limeenea, lipo kila bandari, ila letu ndilo linalokufa.

"Jina liko huko. Mimi niko hapa," akasema. "Nataka mtoto mmoja nimwite Maulewa uani kwangu na aitike. Mmoja. Huko Sorong nimwite kwa simu?"

Akanipaka mafuta mgongo, kwa nguvu kuliko kawaida, kisha akanifukuza nikalale.

Nilimsimulia Joost, maana Baba angefanya mzaha. Akasikiliza. Akauliza majina ya hao wana watatu, na wake zao, na watoto wao.


Jumanne, 9 Oktoba

Ndege ilikuja kwa wakati. Kwa mara ya kwanza nilitamani isije.

Alfajiri Joost alikwenda kwa Mama Okto, mwenyewe, na karatasi imekunjwa kwapani. Nikamfuata kwa mbali – nina mimba, si kipofu. Alikuwa amechora ramani. Si ya dunia. Ya kwetu tu, kuanzia Bitung hadi Papua, visiwa vyote, kwa mkono, vizuri kabisa. Na juu yake kasa wadogo wa kijani: watano Ambon, watatu Sorong, mmoja Bitung. Maulewa wote aliotajiwa. Katikati, Wonreli, kasa mmoja mkubwa.

"Huyu mkubwa ni nani?" Mama Okto akauliza.

"Ni wewe, Mama. Wengine wote wametoka kwako."

Mama Okto akasema huyo kasa mnene mno. Lakini aliichukua karatasi kwa mikono miwili akaingia nayo ndani, na Joost akabaki barazani amesimama kama mti mpaka nilipokwenda kumchukua.

Uwanjani Baba akamuuliza kama yeye ana wajukuu. Mmoja, mvulana. Ketelaar? Hapana, ana jina la baba yake, Joost akasema. Yeye ana binti tu, kwa hiyo baada yake, basi.

"Uliomba wakakukatalia?"

"Kuomba?"

"Mtoto. Jina."

Joost akavua miwani. Akasema hata siku moja hakuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuomba.

"Mwanangu!" Baba alimwita mwanangu, na wanalingana umri! "Umezunguka dunia unahesabu vidoa, na kimoja kiko sebuleni kwa binti yako. Si ungepeleka tambuu tu?"

Baba akamfungia tambuu, popoo na chokaa ndani ya jani, akamtia mfukoni mwa koti. Sijui kama watu wa forodha watampitisha. Alipanda ngazi za ndege anajishika mfuko. Melki alilia. Mimi nililia, lakini mimi siku hizi nalia hata nikiona ndizi.


Jumapili, 14 Oktoba

Sikuenda kanisani. Mgongo. Nimefuma kidogo. Imebaki taraza tu, na nafasi ni ya moja: kasa au taji. Au birika, Shangazi anasema, tuwe wakweli. Nyuzi za nakshi zote mbili nimezifunga tayari. Kila nikikaa naamua, kila nikiinuka nimebadilisha.

Mama Okto hajaja tangu siku ile ya vita. Uji analeta Melki.

Nadhani maumi


Jumatano, 17 Oktoba

Msichana!!

Ana nywele nyingi, amekasirika, ana kidevu cha Mama Okto. Masikini. Siwezi kuandika mengi. Mama Okto alifika kabla ya mkunga. Alinishika usiku kucha – sijui aliambiwa na nani. Nilimng'ata kidole. Amekifunga kitambaa, anamwonyesha kila mgeni.

Baba aliulizwa kama kasikitika si mvulana. Akasema nyinyi hamkusikia makaburini? Nyumba hii imepita kwa akina nani? Kisha akaenda nje kupiga mluzi, anapiga vibaya sana.


Ijumaa, 26 Oktoba

Ataitwa Wilhelmina. Hilo tumekubaliana wote bila ugomvi, kila mmoja anadhani ni wazo lake. Ubatizo tarehe kumi na moja. Wilhelmina nani – hakuna anayethubutu kusema.

Leo Mama Okto kachukua mtambo wangu wa kufuma. Mzima! Kasema kitambaa hakitakwisha kwa mwanamke anayesinzia akinyonyesha, na yeye ndiye mfumaji, sisi wengine tunachezea uzi. Nikamuuliza atamalizia taraza ipi.

"Nyuzi zote umeshafunga?"

"Zote mbili, Mama."

"Basi." Akaondoka na mtambo kichwani.

Kweli ni mfumaji hodari kuliko wote. Kitambaa kikiwa na kasa, hakuna wa kubisha tena. Mtoto atakayefika kanisani amefungwa kasa hawezi kuitwa kitu kingine. Baba alipoona pale pa mtambo ni patupu akaacha kupiga mluzi.


Alhamisi, 1 Novemba

Melki anasema mama yake anafuma mlango umefungwa. Hata yeye haruhusiwi. Anasikia mbao tu zinagonga. Ukutani kabandika ile ramani ya kasa, na kila jioni anaisalimia: Sorong hamjambo, Bitung hamjambo.

Nilicheka. Halafu nikamnyonyesha Wilhelmina, nikakitazama kile kidevu, nikasema moyoni: akiitwa Maulewa nitampenda vile vile. Ni kweli. Lakini Baba... Jana nilimkuta amesimama mbele ya ukuta ambapo ramani ya Joost ilitundikwa. Misumari tu imebaki. Akasema anaangalia kama ukuta una mchwa.


Jumamosi, 10 Novemba

Joost kaandika! Ujumbe mrefu, Melki alipanda mlima wa nyuma kupata mtandao, akarudi anasoma huku anahema.

Kwanza: kile kichupa alikipeleka kweli maabara. Mzee mtundu! Wamemjibu kwamba kina mate ya watu wasiopungua wanne, labda watano, pamoja na kitu chekundu ambacho hawajakitambua. Wanaomba radhi. Wanaomba kingine. Yeye amewajibu kwamba hakihitajiki, majibu yamemtosha. Ametia kidoa cha nne Kisar, kwa penseli.

Pili: ile tambuu ilipita forodha. Alikwenda kwa binti yake, akaiweka mezani kwenye sahani ya keki, akaomba. Binti yake alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamuuliza, baba, kwa nini hukuwahi kusema? Kijana ana miaka kumi, wamemwuliza mwenyewe, naye anafikiria. Ameionja tambuu. Ametapika.

Baba aliomba asomewe mara mbili pale pa binti. Halafu akasema atakwenda kwa Okto kabla ya jua kuzama. Nikaogopa. Shangazi akamshika mkono: "Usiende na mzaha."

Hakwenda na mzaha. Nilimwona nikiwa dirishani: kavaa koti, kashika sahani kwa mikono miwili. Aliiweka kizingitini kwa Mama Okto, nje, chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, akavua kofia. Akasema – nilisikia, upepo ulikuwa unatoka upande ule – kwamba yale ya kichupa hayakuwa haki. Yalikuwa mchezo. Anaomba upya, kama mtu anavyoombwa, na akikataliwa atabaki kaka yake.

Mlango haukufunguliwa. Mbao zilikuwa zinagonga ndani. Zikanyamaza. Zikaanza tena.

Baba kalala mapema. Hakutafuna chochote.


Jumapili, 11 Novemba

Kengele ya kwanza imelia. Tuko tayari sote, Wilhelmina kanyonya, kalala, kalainika kama ugali. Baba ana tai. Shangazi ameshika Biblia kichwa chini, miguu juu. Tunamsubiri Mama Okto, maana yeye ndiye mbebaji. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitaanza kulia na wanja utashuka.

Melki alipita kwao alfajiri. Ile sahani haipo tena kizingitini. Imeokotwa! Lakini ameokota sahani tu au –

Huyo anakuja. Kavaa kitambaa chake cha kasa. Baba amekiona, ameshusha macho, anarekebisha tai ambayo haina kosa. Kitambaa cha mtoto kimekunjwa kwapani, upande wa nyuma umegeuzwa nje. Makusudi! Namjua.

Shavu lake limejaa. Anatafuna! Asubuhi ya ubatizo, anakwenda kanisani, anatafuna! Shangazi anamwamkia, anaitikia kwa kichwa, hafungui kinywa. Amepita mbele ya Baba kama hamwoni. Amenichukua mtoto mikononi, anamfunga kitambaa, kamgeuzia ukutani tusione, anavuta pindo, anakaza, na sasa anageuka –

Birika. Birika saba, zimepangwa kifuani pa mwanangu, zimesimama wima, mdomo na mpini, huwezi kuziita taji hata kwa mtutu wa bunduki!

Baba anasema kitu, hakitoki. Mama Okto amemwashiria anyamaze. Anamtazama. Mtoto mkono wa kushoto, kitambaa chake cha kasa kakishika kwa mkono wa kulia kisichafuke, anatembea kuelekea mlangoni, polepole, kengele ya pili inalia, Melki ananiita niache kuandika, na Mama Okto amefika kizingitini mwa Baba, amesimama, ameinama kidogo, midomo imekaza –